Kazi ya Mkono na Hesabu ya Nafsi

Katika miji yetu ya pwani, ambako utungo umekuwa tangu kale kitu cha kushindaniwa mbele ya watu, na malenga hupimwa kwa namna anavyolifumbua fumbo la mwenziwe kuliko kwa namna alivyoumia alipokuwa akitunga, mtu akimpelekea mwenziwe shairi, au picha, au kofia aliyoitia nakshi kwa mkono wake, jambo la kwanza kuulizwa ni kama kazi ile imetimia. Vina vimelingana? Mizani imekaa sawa? Vitobo vya kofia vimepangika? Swali hilo si baya, wala mimi si miongoni mwa wanaotaka lifutwe, maana bila ya hilo tusingalirithi tenzi zilizohifadhiwa vizazi kwa vizazi, wala mafundi wetu wasingalikuwa mafundi. Lakini liko swali la pili, ambalo aghalabu halipati wasaa wa kuulizwa kwa kuwa la kwanza huwa limekwisha toa hukumu: kazi hii imemwambia jambo gani aliyeifanya, juu ya nafsi yake mwenyewe, ambalo asingalilijua lau asingalishika kalamu, au brashi, au sindano?

Nia yangu ni kulitetea swali hili la pili. Naamini kwamba iko sanaa ambayo wajibu wake ni kumwonyesha mtu yaliyomo moyoni mwake, na kwamba sanaa ya namna hiyo ikipimwa kwa ukamilifu hudhulumiwa, kwa sababu dosari zake ndizo ushahidi wake, na anayezisahihisha huufuta ushahidi huo kabla haujasomwa.

Mfano ulio bayana kuliko yote niijuayo ni wa Carl Gustav Jung, tabibu wa maradhi ya akili wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1875. Mwanzoni mwa 1913 urafiki wake na Sigmund Freud, aliyekuwa kwake mwalimu na karibu awe mzazi, ulikatika, na pamoja na rafiki ikampotea sehemu kubwa ya yakini aliyokuwa akiitegemea katika kazi yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye nyumba kando ya ziwa la Zürich katika mji mdogo wa Küsnacht, na mwenye wagonjwa waliomtegemea. Na mtu huyo, alipoona kwamba elimu yake yote haimfai kitu mbele ya fadhaa iliyomwingia, alishuka ufukweni akaanza kuokota mawe na kujenga vijumba, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizozisimulia uzeeni, alikiri kwamba jambo hilo lilimwia zito na la kumdhalilisha, mganga mzima kukaa chini kucheza mchezo wa kitoto. Lakini hakuona njia nyingine. Kila siku, hali ya hewa ikiruhusu, akimaliza chakula cha mchana hushuka akajenga mpaka wagonjwa wafike, na jioni, kazi ikiisha mapema, hurudi tena.

Alijenga vijumba, akajenga ngome, kikawa kijiji kizima. Akajenga na kanisa lenye kuba, lakini akasita kuweka madhabahu. Siku moja, akitembea ukingoni mwa maji kama kawaida yake, aliona jiwe jekundu la urefu wa kama sentimita 4, lililosuguliwa na mawimbi hata likapata umbo la piramidi. Akatambua papo hapo kwamba hiyo ndiyo madhabahu, na alipoliweka mahali pake chini ya kuba ikamjia ndoto nzito aliyoiota utotoni, na kule kukutana kwa mambo hayo mawili kukampa utulivu. Mimi huvutwa zaidi na kule kusita kuliko na jiwe lenyewe. Mwashi hodari angaliijenga madhabahu siku ile ile aliyosimamisha kuta, kwa kuwa ramani yataka hivyo na kanisa bila madhabahu ni kazi pungufu; Jung, ambaye hakuwa na ramani wala mnunuzi, aliliacha pengo likae wazi, na pengo lile ndilo lililomfanya awe macho hata jiwe lilipojitokeza akalijua. Upungufu wa jengo ulikuwa ndio habari yenyewe.

Miaka michache baadaye, Vita Vikuu vya Kwanza vikielekea mwisho, Jung alikuwa Château-d'Oex, akiwasimamia askari wa Kiingereza waliowekwa huko kizuizini. Kila asubuhi alichora katika daftari mduara mdogo, akaujaza kwa namna mkono ulivyopenda, na kwa kuilinganisha michoro ya siku baada ya siku akaweza kuona jinsi hali ya nafsi yake ilivyokuwa ikibadilika. Ikamfikia barua ya mwanamke mmoja mpenda sanaa, aliyeshikilia kwamba yale yanayotoka katika kina cha moyo wa Jung yana thamani ya usanii, basi na yahesabiwe kuwa sanaa. Barua ile ilimkera. Kesho yake mduara ulitoka umepasuka upande mmoja, na ulinganifu wake umeharibika.

Yafaa tuutazame mduara huo kwa makini. Mchoraji yeyote aliyefundishwa angaliuchukua ufutio akauziba ule mpasuko, kwa maana mduara usiofungamana ni mduara mbovu; na lau Jung angalifanya hivyo, asingalijua kwamba barua ya karatasi moja imemtia kishindo kiasi kile. Maneno yaliyomo kichwani mwake yangaliweza kumwambia kwamba amelipuuza jambo lile, kama sisi sote tunavyojiambia, lakini mkono haukuwa na sababu ya kujisitiri. Wala yule mwanamke hakuwa mjinga. Kitabu chekundu ambacho Jung alikiandika kwa hati ya mapambo mfano wa misahafu ya kale ya Ulaya, na kukijaza picha za rangi kali, ni kizuri mno, na kila mwenye macho atakiri hivyo. Hata hivyo Jung alilikataa neno lake kwa hoja ambayo mimi naiona ni ya haki: kwamba lau angaliyachukua maono yale kuwa sanaa, angaliyatazama kama mtazamaji wa sinema anavyotazama picha zikipita, na asingaliona kwamba yanamdai kitu. Alitaka yamdai. Uzuri ungalimwachilia huru mapema.

Yuko na mwanamke wa Kiingereza, Marion Milner, aliyezaliwa mwaka 1900 na baadaye akawa mwanazuoni na tabibu wa nafsi, ambaye mwaka 1950 alitoa kitabu kizima juu ya kushindwa kwake kuchora. Alikuwa akitaka kuchora vizuri, akasoma kanuni za kivuli na umbali, na matokeo yake yakawa picha sahihi zisizo na uhai. Ndipo akajaribu kuuacha mkono uende upendako. Yaliyotoka yalimshangaza. Alikusudia kuchora miti mikubwa yenye fahari katika siku njema, na karatasini vikatokea vichaka viwili vilivyodumaa juu ya jabali lenye theluji, vikipigwa na tufani. Mtu aliyekuwa akiamini kwamba moyo wake umetulia, akatazama alichokichora kwa mkono wake mwenyewe, akaona ghadhabu na hofu ambazo hakuwa amezipa ruhusa ya kuingia. Hakuzichana picha zile. Alizikusanya, akakaa nazo, akajiuliza moja baada ya moja imetoka wapi, na mambo aliyoyapata humo ndiyo yaliyofanya kitabu.

Nimewataja watu wa Ulaya kwa kuwa waliandika walichokifanya. Lakini jambo lenyewe mimi nilikwisha kuliona mikononi mwa shangazi yangu, kabla sijasikia jina la mmoja wao.

Shangazi alikuwa msukaji wa mikeka aliyesifika mtaani, na mkeka wake wa bibi arusi uliagizwa miezi mingi kabla ya siku ya arusi. Wajuao kazi hiyo wanafahamu inavyotaka uangalifu: miyaa ya ukindu huanikwa juani hata ikaiva weupe, huchanwa chane nyembamba zinazolingana, nyingine zikachemshwa katika rangi, kisha ukasukwa ukili, ule mshipi mrefu ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Sifa ya ukili ni upana usiobadilika na rangi zinazorudi kwa hesabu isiyokosea. Mumewe alipofariki, shangazi akakaa eda, miezi minne na siku kumi kama sharia inavyoagiza, na katika muda huo alisuka ukili, si kwa agizo la mtu, wala si kwa ajili ya soko. Eda ilipokwisha aliuleta ukumbini akaukunjua sakafuni mbele yetu.

Ulikuwa ukili ambao mwanafunzi wake angaliona haya kuuonyesha. Mwanzo wake ulikuwa umebanwa mno hata umejikunja; mbele kidogo ukapanuka na kulegea, mtu angeweza kupenyeza kidole; nyekundu na nyeusi zilizoanza kwa utaratibu zikakoma, kikafuata kipande kirefu cheupe kitupu; halafu palikuwa na mahali ambapo nakshi imeanzwa ikaachwa, ikaanzwa tena ikaachwa. Shangazi alipitisha kiganja juu yake polepole, akasimama pale palipobanwa.

“Hapa, mwanangu, nilikuwa nimemkasirikia.”

“Nani, shangazi?”

“Mume wangu. Kwenda akaniachia madeni ya duka ambayo hakuniambia hata siku moja. Nami sikujua kama nina hasira. Nilidhani ni msiba tu. Mkono ndio ulionijulisha, maana kila nikilegeza, wenyewe unakaza.”

Binti yake, aliyeirithi kazi ile, na aliyeona uchungu kuona miyaa mizuri namna ile imepotea, akasema kwa adabu kwamba yeye yuko tayari kuufumua na kuusuka upya, na mkeka mzuri utapatikana. Shangazi akamkataza. “Ukifumua hapo,” alisema, “mimi nitajuaje nilipita wapi?” Akauviringa akautia sandukuni mwake, na mwezi uliofuata akaanza mkeka wa arusi ya jirani, uliolingana ukingo hadi ukingo kama desturi yake.

Maneno yale ya shangazi yanafaa kumjibu yule atakayesema kwamba ninaufungulia mlango uvivu, na kwamba kila asiyejua kutunga sasa atapata kisingizio. Shangazi hakusuka vibaya kwa kutojua. Alijua kusuka barabara, na kwa kuwa alijua, kila mahali mkono ulipokwenda kombo aliweza kuona umekwenda kombo kiasi gani na kuelekea wapi. Kanuni, basi, haina uadui na kazi ya namna hii. Mtunzi wetu anayejifungia chumbani na majonzi yake akayatia katika mizani ya nane kwa nane hapati hasara. Mara nyingi ile mizani humlazimisha kulitafuta neno jingine badala ya lile la kwanza lililozoeleka, na katika kulitafuta ndipo anapogundua kwamba alilotaka kusema silo alilodhani. Nani hajaona hivyo katika nyimbo za akina mama, za kutwanga na za kumbembeleza mtoto, ambamo kinu au bembea hushika mwendo, na mwimbaji, akidhani anamwimbia mtoto, humwaga humo yale ambayo hajamwambia mama yake mzazi? Hapana anayempa alama kwa sauti yake, na huenda ndiyo sababu ukweli hupata njia.

Kinachotenganisha sanaa hii na ile ya baraza ni nani anayekusudiwa kuisoma kwanza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alipofungwa mwaka 1969 kwa waraka wake wa kuikosoa serikali ya Kenya, akawekwa peke yake katika jela ya Kamiti, alitunga mashairi akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, kisha akaachiliwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki, ambayo ufundi wake hauna shaka. Mtu aweza kuniambia kwamba huo ni mfano unaonipinga, kwa kuwa matokeo ni kamili. Mimi nauona kinyume. Mfungwa aliyetengwa, asiye na hadhira wala hakika kwamba karatasi ile itafika nje ya ukuta, hana wa kumfurahisha. Anayezungumza naye ni nafsi yake, na swali lililo mbele yake ni kama atashika msimamo wake au atauacha. Ukamilifu ulikuja kwa kuwa alikuwa malenga tangu hapo, na kwa kuwa mizani ilikuwa ni kitu cha kushikilia. Lakini asingalikuwa malenga, na mashairi yale yakawa yamepinda vina, bado yangalifanya kazi yao ya kwanza pale chumbani.

Dini yetu imelijua jambo hili kwa njia yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika kitabu chake cha Ihyaa mlango mkubwa juu ya kuichunga nafsi na kuihesabu, na humo akamfananisha mja na mfanyabiashara anayekaa na mshirika wake mwisho wa siku kukagua faida na hasara. Hesabu ya namna hiyo haipambwi. Mfanyabiashara anayeandika tarakimu nzuri ili daftari lipendeze macho amejidanganya mwenyewe, na hasara iko pale pale. Wanazuoni wakaonya vilevile juu ya ria, amali njema inayofanywa ili watu waione, ambayo huiharibu amali kwa ndani ilhali nje inameremeta. Nionavyo, ria ndiyo hatari kubwa ya mtu anayejitazama kwa njia ya sanaa, na hatari hiyo imezidi siku hizi ambapo kila mtu amebeba kamera mfukoni, na mchoro haujakauka rangi umekwisha kutazamwa na mamia. Aliyechora kwa ajili ya nafsi yake huanza kuchora kwa ajili ya sifa za huzuni yake. Huzuni ikawa nzuri, yenye umbo la kupendeza, na hapo ikaacha kumwambia lolote.

Kwa hiyo faragha ni sharti. Na liko sharti jingine ambalo wengi hulisahau: kurudi. Kuimwaga ghadhabu katika karatasi na kuitupa karatasi ni kupumua tu, na kupumua kuna raha yake, lakini hakuna maarifa ndani yake. Jung alilinganisha mduara wa leo na wa jana. Milner alikaa na vichaka vyake. Shangazi alipitisha kiganja. Andika tarehe, weka, kisha baada ya siku kadhaa, moyo ukiwa umepoa, fungua usome kama unayesoma habari za mtu umpendaye, bila ya kumcheka wala kumtetea. Wala masharti haya hayadai ufundi. Mchoraji wa Kiingereza Adrian Hill, aliyelazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938 katika sanatoria ya Midhurst, alianza kwa kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akawashawishi na wagonjwa wenziwe wachore; na mwaka 1942 ndiye aliyeipa tiba hiyo ya sanaa jina linalotumika hata leo katika hospitali za Ulaya na Marekani. Wagonjwa wale hawakuwa mafundi, wala hawakuhitaji kuwa. Walikuwa na penseli, na siku ndefu za kulala kitandani, na hofu ambayo ni vigumu kumweleza daktari anayepita haraka.

Limebaki suala la nini kifanywe na vitu hivi mwenyewe akiisha kuondoka duniani, nalo si suala dogo. Kitabu chekundu cha Jung kilikaa nyumbani mwake bila kuchapwa mpaka alipofariki mwaka 1961. Warithi wake wakakificha, tangu 1984 kikawekwa benki, na baada ya kushauriana kwa miaka mingi wakakubali kitolewe, kikachapwa mwaka 2009. Elimu imepata faida, nami ni mmoja wa waliofaidika. Lakini nimewaza sana juu ya warithi wale, waliotwishwa uamuzi ambao mwenye kitabu hakuukata mwenyewe, na sioni haki kumwachia mtoto mzigo huo. Mwenye madaftari ya namna hiyo na aseme mapema: haya yachomwe, haya apewe fulani, haya yasomwe na atakaye. Mimi yangu nimekwisha kuyaeleza kwa walio nyumbani, nayo yako katika kasha la chini, upande wa kushoto, yamefungwa kwa uzi. Ruhusa ya kuyasoma wanayo, lakini mstari uliopinda nimewaomba wauache kama ulivyo.